Dawa ya Kusafishia Filamu Nyeusi na Nyeupe: Anza na Maji

Mwezi wa Februari, saa nne usiku, maji ya bomba jikoni kwangu Dar es Salaam yana nyuzijoto 29. Mezani upo mkanda wa Ilford HP5 Plus uliokwisha kupigwa, lipo tangi la kusafishia, na ipo karatasi ya maelekezo inayosema: dawa ya ID-11 iliyozimuliwa sawa kwa sawa na maji, dakika 13, nyuzi 20. Kati ya ile 20 ya karatasi na hii 29 ya bomba ndipo mikanda mingi ya watu wa pwani inapoharibikia. Ndipo pia ninapoanzia kila ninapoulizwa, "Kaka, nitumie dawa gani?"

Mimi mwenyewe swali hilo nilimpelekea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha giza, enzi ambazo picha ya rangi ilikuwa bado anasa. Nilimwamkia, nikamtajia majina matano ya dawa niliyokuwa nimeyasoma, nikamwomba anichagulie. Hakugusa hata jina moja. "Maji yako yana joto gani, mwanangu? Na kwa mwezi unasafisha mikanda mingapi?" Nilipomjibu, majina matatu kati ya matano yakaanguka papo hapo. Mawili yaliyobaki tuliyajadili kwa jambo moja tu: kila dawa ina kiasi gani cha salfaiti, ile chumvi ambayo nitaieleza hapa chini. Sijaona njia fupi kuliko hiyo, na inafaa ielezwe kwa urefu.

Dawa inafanya nini hasa

Mwanga ukigonga filamu hauachi picha ya kuonekana kwa macho. Ndani ya utando wa jelatini zimo punje ndogo sana za halaidi ya fedha, na kila punje iliyopata mwanga wa kutosha hubaki na alama ya atomi chache za fedha. Nne hivi zinatosha. Kazi ya dawa ni kuzitambua punje zenye alama na kuzigeuza nzimanzima ziwe fedha nyeusi, huku ikiziacha zisizo na alama zilivyo, ili baadaye fiksa, ile dawa ya mwisho inayofanya picha isibadilike tena kwa mwanga, iziondoe. Dawa ikikaa muda mrefu mno au ikiwa na joto kupita kiasi, huanza kugeuza hata punje ambazo hazikuona mwanga. Hapo filamu huingia ukungu, na sehemu zilizopata mwanga mwingi hujaa fedha mpaka huwezi tena kuona kitu ndani yake.

Sasa tufungue chupa moja tuone kilichomo. Nachagua D-76 ya Kodak, iliyotoka mwaka 1927, kwa sababu fomula yake imekuwa wazi kwa watu wote na dawa nyingi zilizokuja baadaye hupimwa kwayo. ID-11 ya Ilford ni pacha wake. Katika lita moja ya maji mna metoli gramu 2, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, na sodiamu salfaiti gramu 100.

Angalia uzito huo. Unga wote ni gramu 109, na 100 kati yake ni salfaiti, ambayo wala si yenyewe inayosafisha picha. Wanaosafisha ni metoli na haidrokwinoni. Metoli ni fundi, haidrokwinoni ni saidia fundi: metoli inaigeuza punje kuwa fedha, inachoka, na haidrokwinoni inairudishia nguvu ili iendelee. Wakiwa pamoja wanafanya kazi kubwa kuliko jumla ya kila mmoja akiwa peke yake. Boraksi huyafanya maji yawe na ualkali kidogo, maana katika maji yasiyo na ualkali wawili hawa hulala. Ukiweka kitu kikali zaidi mahali pa boraksi, kama sodiamu kaboneti, kazi inakwenda mbio na chenga, vile vidoadoa vinavyoonekana kwenye picha iliyokuzwa, zinaongezeka.

Salfaiti ina kazi mbili. Ya kwanza ni ulinzi: hewa ikiingia kwenye chupa, salfaiti ndiyo inayopokea oksijeni kabla haijamfikia fundi. Ya pili ndiyo inayobadilisha sura ya picha. Ikiwa nyingi, gramu 100 kwa lita, salfaiti huyeyusha kidogo kingo za punje zenyewe wakati zinapogeuzwa. Punje iliyolainishwa kingo haionekani sana kwenye picha iliyokuzwa, kwa hiyo chenga zinapungua. Lakini kingo hizohizo za punje ndizo zinazoyapa macho hisia ya ukali, yaani mistari kukatika wazi, kwa hiyo ukali nao unapungua.

Ukishalielewa hilo, maelezo mengi yanayochanganya watu yanajipanga yenyewe. D-76 isiyozimuliwa hutoa picha laini. Ukiizimua sawa kwa sawa, salfaiti inashuka hadi gramu 50 kwa lita, uyeyushaji unapungua sana, na picha inakuwa na chenga zaidi kidogo na ukali zaidi kidogo. Ukiizimua sehemu moja kwa maji matatu, zinabaki gramu 25, na chenga zinasimama wazi. Chupa ni ileile. Mtu anayelalamika kwamba D-76 "haina ukali" mara nyingi amewahi kuitumia bila kuizimua tu.

Upande wa pili kabisa yupo Rodinal. Hii ni dawa ya mwaka 1891, ya Momme Andresen wa Agfa, na bado inauzwa. Fundi wake anaitwa para-aminofenoli, naye huja katika maji mazito yenye ualkali mkali. Unachukua sehemu moja kwa maji 25, au 50, au hata 100. Ikishazimuliwa hivyo, salfaiti iliyobaki ni kidogo sana, haiwezi kuyeyusha chochote cha maana. Punje hutoka na kingo zake zote. Kwenye filamu ya kasi ndogo, yaani inayohitaji mwanga mwingi, kwa mfano FP4 Plus, matokeo yake ni picha yenye ukali unaoonyesha kila uzi wa kikapu. Kwenye filamu ya kasi ya 400 utapata chenga kama mchanga. Mimi chenga hizo nazipenda kwenye picha za kuta za Mji Mkongwe na mbao za majahazi. Kwenye uso wa bibi harusi nisingezitaka.

Tatu zinazovutana

Chenga, ukali, na kasi halisi ya filamu. Hakuna dawa inayokupa zote tatu kwa ukamilifu. Ukivuta moja, nyingine inalegea. Perceptol ya Ilford hupunguza chenga kuliko karibu dawa zote za dukani, lakini hukula kasi: filamu ya 400 unalazimika kuipiga kama ya 200 au chini kidogo ya hapo. Microphen, ambayo fundi wake ni fenidoni, hukuongezea kasi kidogo na chenga zinakuja pamoja nayo. Rodinal hupoteza kasi kidogo vilevile, jambo ambalo wengi hugundua wamechelewa, vivuli vinapotoka vitupu.

Hapa ni lazima niseme kuhusu hicho kinachoitwa kuongeza kasi, kwa sababu nimeona watu wakinunua dawa kwa tumaini lisilokuwepo. Dawa haiwezi kutoa kilichokosa kuingia. Kama kivuli chini ya ukingo wa kofia hakikupata mwanga wa kuacha alama kwenye punje, hakuna dawa duniani itakayokitoa. Ukirefusha muda, sehemu zilizokwisha kupata mwanga ndizo zitakazozidi kujaa, na kivuli kitabaki kitupu vilevile. Tofauti ya kasi kati ya dawa moja na nyingine ni ndogo, mara nyingi chini ya hatua moja ya lenzi. Yeyote anayekuambia filamu ya 400 inakuwa ya 1600 kwa sababu ya dawa anazungumzia kukolea kwa picha, hazungumzii vivuli.

Dawa iliyokaribia zaidi kuzipatanisha zile tatu ni XTOL, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1996. Fundi wake ni wa ukoo wa fenidoni, na saidia fundi wake ni ndugu wa vitamini C mahali pa haidrokwinoni. Chenga zake ni ndogo, ukali upo, kasi haipotei, na sumu yake ni ndogo kuliko ya dawa nyingi. Kwa mtu anayesafisha mikanda mingi kila wiki ningesema achukue hiyo, tusibishane zaidi.

Lakini ina hatari moja. D-76 inapozeeka inageuka rangi, inakuwa kama chai, na unaiona. Rodinal nayo inakuwa nyeusi kama kahawa na bado inafanya kazi miaka mingi. Dawa ya vitamini C hufa ikiwa bado nyeupe kama maji ya kunywa. Unaipima kwa macho unaona iko salama, unaimimina, unahesabu dakika zako zote, na mkanda unatoka mtupu kama plastiki ya kufungia. Kodak wanasema chupa iliyojaa hadi mdomoni hudumu mwaka mzima, iliyopungua miezi miwili. Na paketi yake ya siku zote ni ya lita 5. Kwa hiyo mtu anayesafisha mikanda miwili kwa mwezi atamwaga nyingi kuliko atakayotumia.

Ndiyo maana mzee aliuliza mikanda mingapi. Kama unasafisha mara chache, chupa inayodumu ni bora kuliko chupa nzuri. Rodinal na HC-110 zinakaa zikiwa nzito bila kuzimuliwa. Unachota mililita unazohitaji leo, na zilizobaki zinarudi kabatini. HC-110, ambayo huzimuliwa sehemu moja kwa maji 31 katika kipimo chake kinachojulikana zaidi, inatoa picha inayofanana na ya D-76, ikiwa na chenga za wastani, na kwa wasafishaji wa mara mojamoja naiona ndiyo chaguo salama. Tatizo lake kwetu ni muda. HP5 Plus kwa kipimo hicho ni dakika 5 tu kwa nyuzi 20, na hapo tunarudi kwenye maji.

Nyuzi 29

Kwa wastani, kila nyuzi moja inayopanda hupunguza muda wa kusafisha kwa karibu sehemu moja ya kumi. Dakika 13 za ID-11 kwa nyuzi 20 zinakuwa karibu 9 kwa nyuzi 24, na kwa nyuzi 29 zinashuka hadi takriban 5 na nusu. Dawa hiyohiyo isiyozimuliwa, ambayo muda wake ni dakika 7 na nusu, kwa nyuzi 29 inaangukia dakika 3 na kitu.

Dakika 3 hazitoshi, na hili nimejifunza kwa picha ambazo siwezi kuzipiga tena. Ilikuwa harusi ya dada yangu. Nilitumia dawa isiyozimuliwa, maji ya bomba kama yalivyo, nikapiga hesabu ya muda kwa usahihi. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Nilipokausha mkanda nikaona michirizi inayotoka kwenye kila tundu la pembeni na kushuka hadi katikati ya picha, mahali dawa ilipopita kwa kasi nilipotikisa tangi. Wakati namimina dawa ndani ilikuwa sekunde 15, kumimina nje sekunde 15, na ndani ya dakika 3 nusu dakika hiyo ni sehemu kubwa ya kazi yote. Mwanzo wa mkanda ulipata dawa kabla ya mwisho wake. Anga la nyuma ya waalikwa lina mawimbi mpaka leo.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni kutokwenda chini ya dakika 5, na ikiwezekana nisishuke chini ya 7. Kuna njia mbili za kufika hapo, na nazitumia zote.

Njia ya kwanza ni kupoza. Siku inayotangulia najaza chupa mbili za nusu lita, nazigandisha. Jioni naweka beseni, maji ya bomba nusu, chupa moja ya barafu ikielea. Ndani ya beseni nasimamisha vyombo vyote: dawa, maji ya kuisimamisha kazi ya dawa, fiksa, na jagi la maji ya kuoshea. Kipima joto kinashuka nyuzi moja baada ya nyingine; kikifika 24 naitoa chupa. Sing'ang'anii 20. Kwa maji ya pwani, kufika 20 ni rahisi, kubaki 20 kwa dakika 13 ndiyo shida, na nyuzi zinazopanda katikati ya kazi zinaharibu hesabu kuliko nyuzi 24 zilizotulia. Asiye na friji, mtungi wa udongo unasaidia sana. Maji yaliyolala mtungini hupoa kwa jasho la mtungi wenyewe, na mahali penye hewa kavu kama Dodoma hupoa zaidi kuliko hapa kwenye unyevu. Watu wa Njombe, au Nairobi mwezi wa Julai, wao shida yao yaweza kuwa kupasha.

Vyombo vyote lazima viwe na joto linalokaribiana. Jelatini iliyolegea kwa joto, ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hukunjamana kama ngozi ya maziwa, na mikunjo hiyo haitoki tena. Filamu za leo zimekazwa vizuri viwandani na zinavumilia kuliko za zamani. Zamani fomula za nchi za joto zilitiwa sodiamu salfeti (angalia herufi, si salfaiti) ili jelatini isifure. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, zilifanya kazi ya filamu nyeusi na nyeupe miongo kadhaa katika joto hilihili, na picha zake bado zinatazamwa. Joto si sababu ya kukata tamaa.

Njia ya pili ni kuzimua, na hii ndiyo inayoamua dawa gani ununue ukiwa pwani. ID-11 au D-76 kwa moja na tatu ina muda wa dakika 20 kwa HP5 Plus katika nyuzi 20. Kwa nyuzi 27 muda huo unakuwa kama dakika 10, muda mzuri wa kufanya kazi kwa utulivu, bila barafu nyingi. Rodinal moja kwa 50, dakika 11, kwa nyuzi 24 inabaki na dakika 7 na kitu. Dawa yenye nguvu na muda mfupi, hata iwe nzuri vipi kwa mtu wa Ulaya, kwetu inakuacha bila nafasi. Ila usizimue bila kuhesabu dawa yenyewe. Tangi la mililita 300 kwa moja na tatu lina mililita 75 tu za dawa halisi, kidogo kwa mkanda mzima. Mimi natumia tangi kubwa la mililita 600 kwa mkanda mmoja. Kwa Rodinal nahakikisha mkanda unapata angalau mililita 5 au 6 za dawa nzito. Hao wanaozimua moja kwa 100 na kuliacha tangi limesimama saa nzima wanapata picha nzuri kwenye baridi. Kwa nyuzi 29 saa nzima ni mwaliko wa ukungu na michirizi.

Kanzu nyeupe saa sita mchana

Kuna sababu nyingine ya kuipenda dawa iliyozimuliwa, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Chukua mzee ametoka kuswali swala ya Idd, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua, uso mweusi, na jua limeshapanda. Anasimama upige picha. Ukipimia mwanga kwenye kanzu, uso unatoka kama kivuli. Ukipimia usoni, kanzu inatoka karatasi tupu, hakuna mkunjo, hakuna darizi ya kifuani.

Mimi napimia uso, siku zote. Uso ndio picha. HP5 Plus, ambayo ni filamu ya 400, naipiga kama ya 200, ili ngozi ipate alama za kutosha kwenye punje na isitoke kama lami. Halafu kanzu naiokoa kwenye tangi. Napunguza muda kwa karibu sehemu moja ya tano, natumia dawa iliyozimuliwa, na natikisa kwa upole: mara moja kila dakika badala ya kila nusu dakika. Kinachotokea ni hiki. Kanzu imepata mwanga mwingi, kwa hiyo dawa iliyoingia kwenye jelatini mahali pale inatumika upesi na kuisha. Kwa kuwa imezimuliwa, akiba ni ndogo. Kwa kuwa hutikisi sana, mpya haifiki haraka. Kazi kwenye kanzu inapungua kasi. Usoni, ambako mwanga ulikuwa kidogo, dawa bado ipo na inaendelea kufanya kazi polepole. Mwishowe unapata vyote viwili, mikunjo ya kanzu na mistari ya uso.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna D-23 ya maji mawili, ambayo ni rahisi kuichanganya nyumbani ukiwa na mizani ya gramu. Chombo cha kwanza: metoli gramu 7.5 na salfaiti gramu 100 kwa lita. Cha pili: boraksi gramu 10 kwa lita. Filamu inakunywa dawa na kuanza kusafishika kwenye cha kwanza, kisha bila kuoshwa inaingia kwenye cha pili, ambako ualkali unaiongezea nguvu dawa iliyobaki ndani ya jelatini. Ikiisha, imeisha, kanzu haiwezi kuendelea kujaa. Picha inatoka tulivu, laini kidogo. Metoli inawawasha watu wengine ngozi hadi kutoka vipele, kwa hiyo glavu ni lazima, na vijiko na vyombo visirudi jikoni kamwe.

Filamu zenye punje bapa, T-Max za Kodak na Delta za Ilford, zinahitaji uangalifu zaidi: zinaonyesha kila kosa la muda na joto. Kwa anayeanza katika maji ya nyuzi 29, ningemshauri abaki na HP5 Plus, FP4 Plus au Tri-X, ambazo husamehe.

Kahawa ya Bukoba na magadi

Mtu aliye mbali na duka lolote la dawa za picha ananiuliza kama kweli kahawa inasafisha filamu. Inasafisha. Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga wa kuyeyuka, ikitiwa ualkali, inageuza halaidi ya fedha. Baadaye watu waliongeza vitamini C, nayo ikawa saidia fundi wa kweli. Kipimo kinachotumiwa sana kwa lita moja ni sodiamu kaboneti gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa filamu ya 400 huongezwa gramu 1 ya potasiamu bromaidi kuzuia ukungu.

Anayefanya kazi humo ni asidi ya kafeiki, wala si kafeini, na robusta ina nyingi ya viambato vinavyoizaa kuliko arabika. Sisi tuna Kagera, mkoa wa robusta, na Africafe inatengenezwa palepale Bukoba. Kopo ninalonywa asubuhi ndilo ninalosafishia filamu, na negativu zake zina rangi ya hudhurungi kidogo isiyozuia kuskani.

Shida ni kaboneti. Wengi wanadhani magadi ya kupikia maharage ndiyo yenyewe. Karibu, lakini sivyo. Magadi ya Ziwa Magadi au ya Ziwa Natron, kabla hayajapita kiwandani, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na huja na udongo wake. Ualkali wake ni mdogo kuliko unaotakiwa, na kila bonge lina kiasi chake. Ukiyatumia yalivyo, filamu inatoka hafifu na hujui kosa liko wapi. Njia ya uhakika ni soda ya kuokea keki, ambayo ni baikaboneti safi. Iweke kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani, koroga. Baada ya muda unga huanza kucheza kama uji unaochemka, unapumua mvuke na kuporomoka kama majimaji ingawa ni mkavu kabisa. Hiyo ni hewa ya ukaa na maji vinavyotoka. Endelea hadi unyamaze, kisha upime: gramu 100 za soda zikibaki gramu 63, kazi imekamilika na ulichonacho ni kaboneti. Ikizidi 63, rudisha jikoni.

Maji ya kuchanganyia nayo yawe ya kunywa, yasiwe ya kisima chenye chumvi. Chokaa iliyomo kwenye maji magumu hukutana na kaboneti ikafanya ungaunga mweupe unaoganda kwenye filamu. Dawa za paketi huwa na kinga dhidi ya hilo, ya kujitengenezea haina. Na kahawa hii ichanganywe siku hiyohiyo. Kesho imekufa, na kwa kuwa vitamini C ndiyo nguzo yake, haitakuonyesha.

Kwa hiyo, iwe ni kahawa, iwe ni XTOL, au chupa ya D-76 uliyoikuta kwa rafiki isiyo na tarehe, kuna kipimo kimoja nisichokiruka. Ule ulimi wa filamu uliobaki nje wakati wa kuipakia kwenye kamera umekwisha kuona mwanga wote. Ukate kipande cha urefu wa kidole, taa ikiwa inawaka, kichovye nusu yake kwenye dawa uliyokwisha kuizimua na kuipoza. Tazama saa. Ndani ya dakika mbili tatu nusu ile inatakiwa iwe na wingu la kijivu linalozidi kukolea, na muda wako wa kusafisha ukifika iwe nyeusi, usione kidole nyuma yake. Ikibaki ya kijivu, mwaga dawa yote, mkanda uendelee kukaa ndani ya kasha lake. Ikiwa nyeusi, angalia kipima joto mara ya mwisho, zima taa, upakie tangi.